Kuchakuro Kesho Alikotoka

Watoto waliosoma darasa la pili pande za Machakos miaka ya tisini wanamjua Kuchakuro Kesho hata ukiwaamsha usingizini. Ni yule mnyama mdogo mwenye mkia mkubwa, aliyeitwa na wenzake kwenda kuchimba matuta, na kila mara akatuma neno kwamba leo haiwezekani, kesho atakuja. Mara mkia umeshikwa na homa. Mara wageni wamelala mlangoni na hana namna ya kuwaruka. Na ile iliyowavunja mbavu watoto wengi zaidi: jembe lake lina mimba, na daktari amelikataza kazi nzito.

Kitabu chenyewe kilikuwa chembamba, kurasa ishirini na nne, jalada la kijani. Jina lililoandikwa juu yake lilikuwa la Mwalimu Nzomo wa Mitaboni, na hilo ndilo lililokuwa likimchoma Katunge.

Si kwamba alimchukia mwalimu. Marehemu Nzomo alikuwa mtu wa heshima zake, aliyevaa tai hata akienda kutazama ng'ombe. Lakini kabla mwalimu hajashika kalamu, Kuchakuro Kesho alikuwa ametoka kinywani mwa Katunge, katikati ya mistari ya mbaazi, mbele ya watoto kumi na watano wenye kamasi. Kila mtu mzima wa Mitaboni alilijua hilo. Aliyelipuuza ni yule aliyechapisha kitabu huko Nairobi, ambaye hakuwahi kuuliza.

Ilikuwa hivi. Katunge alipokuwa msichana wa miaka ishirini alianguka na jiwe kichwani akiteremka ukingo wa shamba, nyonga ikavunjika, na aliyeiunga akaiunga upande. Tangu siku hiyo alitembea akichota hatua, na jembe halikumkubali tena. Sasa, mwanamke asiyeweza kuchimba ana kazi gani katika mwethya? Maana mwethya ni kazi ya zamu: Jumanne hii kikundi kizima kiko shambani kwako, Jumanne ijayo kiko kwangu. Sheria zilikuwa mbili tu. Anayeitwa aje na jembe lake, na mwenye shamba aweke sufuria ya chakula motoni. Asiyechimba hachimbiwi, na asiyechimbiwa shamba lake huteremka na mvua hadi mtoni.

Wanawake wa kikundi walikaa wakaamua kwamba Katunge atachunga watoto wao, na kuchunga watoto kutahesabiwa kuwa ni kuchimba. Katibu alipoita majina jioni na kufika kwake, wote waliitikia kwa pamoja, "Amechimba." Katunge alilipenda neno hilo kuliko sifa yoyote aliyowahi kupewa maishani.

Ila watoto kumi na watano hawakai kwa kuambiwa wakae. Ndipo hadithi zilipoanza.

Mwaka wa themanini na nne mvua ilikosa, na Ukambani kukawa na njaa inayotajwa mpaka leo. Watu walikula mahindi ya manjano ya msaada na kuyalalamikia huku wakiyapigania. Mwethya haukusimama, ila sufuria ya mwenye shamba ilipungua, kutoka isyo ya mahindi na maharagwe hadi uji mtupu. Na mwaka huo huo ndipo Mwikali alipoacha kuja.

Mwikali alikaa ng'ambo ya mto, katika nyumba ya mabati, wakati wengi wao bado walikuwa wakiezeka kwa nyasi. Mumewe alikuwa na kazi ya reli huko pwani. Kwa hesabu ya kijiji, mwanamke wa namna hiyo hawezi kuwa na njaa. Akikosa kuja kuchimba, ni kwa kuwa anajiona. Hakuna aliyevuka mto kwenda kutazama. Kila Jumanne alifika mtoto wake peke yake, Kilonzo, wa miaka sita, na ujumbe aliokuwa ameukariri njia nzima: "Mama amesema ako na homa, atakuja kesho."

Jumanne moja kuchakuro alisimama juu ya tuta jipya, miguu ya mbele kifuani, akiwatazama wanawake wanavyotoa jasho kana kwamba shamba ni lake. Watoto wakamcheka. Katunge akasema, "Mnamjua huyo? Huyo anaitwa Kesho. Ameitwa mwethya, amesema mkia wake uko na homa." Basi. Kuchakuro Kesho akazaliwa, na mtoto aliyecheka kuliko wote alikuwa Kilonzo.

Kwa desturi, mtoto ambaye mama yake hakuja hakupaswa kuonja kilichopikwa. Katunge alimpa Kilonzo kikombe chake cha uji kama wengine, akageuza uso upande mwingine, na kwa hilo alijiona mtu mwema sana.

Wiki zilivyokwenda, visingizio vya Mwikali vilizidi kuwa vya ajabu. Wageni waliolala mlangoni. Jembe lenye mimba. Wanawake walikasirika, wakasema mke wa reli anawafanya wajinga. Katunge hakukasirika. Alikuwa amepata hadithi asiyohitaji hata kuitafuta, inaletwa kwa miguu kila Jumanne, naye alichofanya ni kuitia chumvi na kuipakua.

Njaa ilipita. Mwikali hakurudi kikundini, na shamba lake likabaki na makovu ya maji. Watoto wa mbaazi waliingia darasani kwa Mwalimu Nzomo, wakaigiza Kuchakuro Kesho siku ya wazazi, mwalimu akaandika, na mwaka wa tisini na moja kitabu kikatoka. Mwaka huo huo Katunge alijiandikisha katika masomo ya ngumbaru. Aliwaambia watu anataka kusoma Biblia. Ukweli ni kwamba kitabu cha kwanza alichokimaliza kilikuwa na jalada la kijani, na alikisoma kwa kidole, neno kwa neno, akitafuta mahali palipoandikwa Katunge. Mwishoni alikuta mstari mmoja: "Shukrani kwa watoto wa Mitaboni." Alikifunga, akaenda kulisha kuku. Kwa miaka kumi na mitano hakumwambia mtu jinsi mstari ule ulivyomuuma.

Mwaka wa elfu mbili na sita alikuja msichana.

Alikuwa na buibui la kahawia, mfuko begani na viatu vilivyokwisha kuiva vumbi la Mitaboni, na alimsalimu Katunge kwa Kikamba safi mpaka mama huyo akamtazama mara mbili. Jina lake Hafso. Alizaliwa Machakos mjini, baba yake akiuza mbuzi na ng'ombe, na sasa alikuwa ameajiriwa na kampuni ileile iliyochapisha kitabu.

"Susu, mimi hiki kitabu nilikisoma darasa la pili," alisema, akimwita bibi kwa Kikamba, huku akipokea kikombe cha chai kwa mikono miwili. "Nikakisoma nyumbani kwa sauti. Baba Kiswahili chake ni cha soko, lakini ile ya jembe alicheka mpaka akakohoa. Hata sasa mbuzi akikataa kutembea anamwambia, wewe uko na mimba kama jembe."

Katunge alicheka. Hafso alieleza kilichomleta. Kitabu kimefikisha miaka kumi na mitano, kinachapishwa upya, na ukurasa wa mwisho utakuwa na kichwa "Je, Wajua?", wenye mambo matatu juu ya Kuchakuro Kesho ambayo watoto hawayajui. Alikuwa amekwenda kwa mjane wa mwalimu, na mjane hakuzungusha maneno. Alisema, hadithi haikuwa ya mume wangu, mtafute Katunge.

"Kwa hivyo jina langu litaandikwa?" Katunge aliuliza, na akaona haya kwa jinsi sauti ilivyomtoka.

"Litaandikwa, susu. Na picha yako. Sasa niambie, huyu kuchakuro ulimtoa wapi?"

Hapo ndipo Katunge alipojiponza. Angeweza kusema juu ya yule mnyama aliyesimama kwenye tuta, na ungekuwa ukweli. Lakini mtu aliyengoja miaka kumi na mitano kuulizwa swali hajibu nusu.

"Alikuwa mtu," alisema.

Kalamu ya Hafso ilisimama. "Mtu kabisa? Yuko hai?"

"Yuko. Ng'ambo ya mto, pale."

"Haki ya Mungu? Basi tunawataka wote wawili kwenye picha moja. Watoto watapenda sana." Aliandika haraka, kisha akainua uso. "Lakini lazima akubali mwenyewe, susu. Ofisini wanataka sahihi. Ongea na yeye, mimi nirudi Jumamosi na kamera."

Msichana alipoondoka Katunge alibaki kwenye kigoda, chai ikipoa. Kwa mara ya kwanza ilimjia kwamba ili jina lake lichapishwe, itabidi aende kwa mwanamke mzima mwenye wajukuu amwambie: yule mvivu anayechekwa na watoto kila mahali ni wewe, nataka uweke sahihi. Walikuwa wakisalimiana kanisani, salamu za juu juu, za mvua na afya. Kwa miaka ishirini na miwili hawakuwahi kukaa kwenye benchi moja.

Alikwenda siku ya tatu, na kilo mbili za sukari, kwa kuwa mkono mtupu ungemwaibisha zaidi. Mteremko ulimchukua asubuhi nzima. Alimkuta Mwikali uani anabangua mbaazi kwenye ungo. Mwikali alimwona tangu mtoni, akaingia ndani kutoa kiti cha pili, akakaa kumngoja.

Katunge alikuwa amepanga kuanzia mbali. Alianzia kitabuni, akapitia kwa Hafso, akazunguka kwa marehemu mwalimu. Mwikali aliendelea kubangua.

"Katunge, nyonga yako imekuleta mpaka hapa," alisema mwishowe. "Sema tu."

"Yule kuchakuro..."

"Ni mimi. Najua."

"Ulijua lini?"

"Siku ileile. Nani angeniambia kama si Kilonzo? Alikuwa anafika jioni, tumbo imeshiba uji yako, ananikalisha chini ananipatia hadithi. 'Mama, kuna kuchakuro moja mvivu, hataki kuchimba.' Anaruka ruka hapa uani akionyesha mkia. Hakuwa anajua ananisema mimi."

Katunge aliinamisha kichwa. "Ulikasirika."

"Hiyo siku ya kwanza nililia. Nilikuwa nimeuza jembe, Katunge. Baba ya Kilonzo aliacha kutuma kitu mwezi wa tatu, na mwezi wa saba nikauza jembe na sufuria kubwa pamoja. Na zamu yangu ya mwethya ilikuwa inakuja. Ningewawekea nini motoni, mawe? Nilisema heri waseme mimi ni mvivu. Mvivu ni mtu wa kuchekwa tu. Maskini wanamwangalia na ile macho."

Kuku alisogelea ungo, Mwikali akamfukuza kwa mguu.

"Lakini huyo mtoto alikuwa hajacheka tangu mvua ikose," aliendelea. "Nikaona nikituma tu neno la homa, hadithi yako itakauka. Atakosa ya kunipatia jioni. Ndiyo nikaanza kufikiria. Ya wageni mlangoni niliitoa nikiwa napepeta makapi. Ya jembe kuwa na mimba..." Hapo alitabasamu kidogo, na Katunge akaona jinsi alivyokuwa akipendeza zamani. "Hiyo nilikaa nayo siku mbili. Nilijua wewe hutaiacha."

Kwa miaka yote hiyo Katunge alikuwa amekiita kile kisingizio cha jembe ufidhuli wa mke wa reli, na wakati huohuo amekula sifa zake kila mara watu walipokicheka. Kumbe kilikuwa kimetungwa na mwanamke mwenye njaa, kwa makusudi, kikapitishwa kinywani mwake kimrudie mtoto. Yeye Katunge alikuwa mjumbe tu. Alijisikia mdogo, na alijisikia pia amenyang'anywa, na hisia hiyo ya pili ilimtia aibu kuliko ya kwanza.

"Basi jina litakaloandikwa ni lako," alisema. Neno lilimtoka kwa shida.

"Hapana."

"Mwikali, ni haki yako."

"Nimesema hapana." Mwikali aliweka ungo chini. "Kilonzo anashona nguo kiwandani EPZ, Athi River. Mwaka jana alimnunulia msichana wake Wavinya hicho kitabu kwa mtumba, akakuja nacho hapa, akanisomea tena yeye mwenyewe, mtu mzima na ndevu. Anacheka vilevile. Yeye anajua alikuwa na utoto mzuri. Ukiweka sura yangu hapo ataanza kukumbuka. Atakumbuka mimi nilikuwa nasema nimeshakula. Mimi namjua, hiyo kitu haitamtoka." Alimtazama Katunge usoni. "Huyo mnyama sema unavyotaka, ni wako. Mimi usinitaje."

Walikunywa chai. Waliongea habari za wajukuu, wakaongea juu ya shamba lililoteremka mtoni. Wakati wa kuaga Katunge aliomba msamaha, kwa neno moja bila maelezo, na Mwikali akaitikia kwa kichwa, akamsindikiza mpaka kwenye mawe ya kuvukia.

Jumamosi Hafso alirudi na kamera. Katunge alikuwa amevaa gauni la kanisani, si kwa ajili ya picha, bali kwa kuwa aliona siku yenyewe inastahili gauni.

"Yule mtu amekataa," alimwambia.

"Pole, susu. Basi tutaweka wewe peke yako."

Katunge aliitazama kamera ile. Ilikuwa ndogo, ya fedha, ingetosha kwenye kiganja. Alilitaka jina lile. Nisiseme uongo: alilitaka wakati ule kuliko alivyolitaka miaka yote iliyopita, kwa sababu sasa lilikuwa mbele yake na kilichobaki ni kunyamaza tu. Angenyamaza, na kitabu kingesema Katunge wa Mitaboni ndiye aliyetunga jembe lenye mimba, na mwanamke mmoja ng'ambo ya mto angesoma na asiseme kitu, kama alivyozoea.

"Mimi pia nitoe," alisema. "Andika wanawake wa mwethya wa Mitaboni. Inatosha."

Hafso alimsihi. Alimwambia ofisini watasikitika, alimwambia hata mjane wa mwalimu ametaka hivyo. Katunge alitikisa kichwa mpaka msichana akachoka, akafungua daftari.

"Haya. Lakini niko na mambo matatu ya kujaza, susu. Usinirudishe mikono mitupu."

"La kwanza, andika kuchakuro alisimama juu ya tuta miguu kifuani, akatutazama tukifanya kazi. La pili, ile ya jembe haikutungwa na aliyekuwa akihadithia. Ilitungwa na mtu mwingine mwenye akili kumshinda, na hataki kutajwa."

Hafso aliandika, akicheka kidogo. "Na la tatu?"

"La tatu, hakuwa mvivu."

"Lakini kitabu chote ni juu ya uvivu wake."

"Najua. Mimi ndiye niliyesema hivyo, nikakosea. Alikuwa na njaa, na zamu ya kupika ilikuwa yake. Aliona haya kusema. Iandike hivyohivyo nilivyokuambia."

Hafso aliandika polepole, akamsomea, na Katunge akamwambia ni sawa.

Krismasi ya mwaka huo Mwikali alituma mtu kumwita Katunge kunywa chai. Kilonzo alikuwa amekuja na familia yake kutoka Athi River, na kitabu kipya ndani ya mfuko wa nailoni, jalada la kijani lililong'aa. Wavinya, wa miaka saba, aliwasomea wote uani. Walicheka mahali pale pale wanapocheka watu wote. Katunge alidhani mtoto ataishia hapo, lakini Wavinya alifungua ukurasa wa mwisho, akasoma jambo la kwanza, akasoma la pili, akasoma na la tatu bila kusita.

"Susu," alimuuliza bibi yake, "kama alikuwa na njaa, mbona hakuwaambia?"

Kilonzo alikuwa akimenya chungwa. Kisu kilisimama. Alikuwa akimtazama mama yake, na usoni mwake kicheko kilikuwa kikiondoka kidogo kidogo, kama kwa mtu anayehesabu miaka. Katunge alitamani ardhi impasukie.

Mwikali hakumtazama mtoto aliyeuliza. Alimjibu huku akimtazama mwanawe.

"Kulikuwa na mtoto mmoja alikuwa anacheka sana," alisema. "Anacheka vizuri sana. Hata huyo kuchakuro mwenyewe akaanza kucheka, akasahau."

Kilonzo alimaliza kulimenya chungwa, akainuka, akampa mama yake lote.